Laptopu ya Mwaka wa Kumi na Tano

“Mwaka wetu au mwaka wao?”

Hilo ndilo swali aliloliuliza Etagegn, jirani wa ukuta mmoja, wiki ya kwanza ya mfungo mkuu, akiwa ameshika kopo la maziwa ya unga aliloletewa miezi kadhaa nyuma na bintiye Saron kutoka Uarabuni. Tarehe ilikuwa imepigwa chini ya tako la kopo. Etagegn aliliinua mpaka dirishani kwa Askale, macho mawili yakasaidiwe na mengine mawili. Maziwa hayaliwi mfungoni, naye alitaka kujua kama yataifikia Pasaka.

“Elfu mbili na ishirini na tano,” Askale alisoma.

“Hata mimi nimeiona. Sasa ni mwaka wetu au wao? Maana sisi Wahabeshi ndiyo kwanza tuko kumi na saba. Kama ni wetu, kopo hili litanizika.”

Askale alicheka hadi akaweka chini kata ya kumiminia uji wa injera. “Maziwa gani ya kukaa miaka minane, dada? Yalikamuliwa ndani ya safina? Ni mwaka wao huo, wa kalenda ya wazungu. Kwao sasa hivi ndiyo ishirini na tano. Pasaka utayanywa, ila usiyawekee Pasaka nyingine.”

“Heri umenisomea. Mimi wangenidanganya mchana kweupe.”

“Mtu akidanganywa miaka saba minane mizima, na yeye ana lake.”

Neno lilimtoka Askale kwa wepesi, kama maneno mengi ya dirishani. Haukupita mwezi likamrudia mdomoni, chungu kama shubiri.

Askale alikuwa mjane wa mwaka wa sita. Alioka injera, chapati pana za unga wa tefu, akauza kwa vibanda vinne vya chakula hapo hapo mtaani, Addis Ababa, na bamba lake la umeme lilikuwa limeanza kupoa upande mmoja, injera zikatoka na ukingo mweupe usioiva. Wateja walikuwa wanaguna. Zamu yake ya upatu ilikuwa Jumapili iliyofuata, biri elfu ishirini na nane, na fedha hizo tayari alikwishazipa jina: bamba jipya.

Ndipo Mahlet, mwanawe wa pekee, miaka kumi na sita, aliposema huku akipanga injera kwenye kapu bila kumtazama mama yake:

“Mama Alganesh anasema nafasi ipo. Mwezi ujao.”

“Nafasi ya kufanya nini?”

“Ya kufanya haya haya unayofanya wewe, ila kwa kulipwa.”

Askale aligeuza uso kana kwamba mvuke umempiga. Alganesh alimjua. Nani asiyemjua? Shuka jeupe lisilo na doa, kiti cha mbele kanisani, chama cha akina mama wa Mariamu. Kila msichana wa mtaa aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani alipita mkononi mwake.

“Saron alipita huko huko,” Askale alisema. “Mwezi wa pili huu hajampigia mama yake simu.”

“Simu yake imeharibika.”

“Nani kasema?”

“Mama Alganesh.”

“Aa. Kasema yeye.”

“Mama, hapa kuna nini? Nikiamka moshi, nikilala ukuta. Simu yenyewe kioo kimepasuka, nikitaka kusoma kitu nafumba jicho moja. Wenzangu wanaiona dunia, mimi naona bamba.”

Askale alimimina uji, akazungusha duara toka nje kuingia ndani, akafunika. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayepima kitambaa.

“Ungekuwa na nini ndipo usiende?”

Mahlet alidhani anakejeliwa. Alipoona hakejeliwi, alijibu haraka, kama jibu lilikuwa limekaa mdomoni siku nyingi. “Laptopu. Si ya maajabu, mama. Ya kuperuzi tu, niangalie mambo, nicheze vijimichezo vyangu jioni, ule wa kulima shamba na ule wa kupanga matofali. Nikiwa nayo naweza kungoja mpaka nimalize shule.”

“Ukiwa nayo hutakwenda?”

“Sitakwenda.”

“Apa.”

“Kwa malaika Mikaeli. Lakini na wewe uape. Usiniletee kisanduku kibovu ukasema nimetimiza. Isipofaa, naenda, na fomu ya safari unatia sahihi.”

Mtoto kumwapisha mama yake! Askale alipiga ishara ya msalaba kifuani. Halafu akasema, “Kwa Mikaeli.” Bamba likanuka. Ilikuwa injera ya kwanza kumwungulia tangu mwaka mpya.

*

Maduka ya kompyuta yalikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja mjini. Askale alipanda ngazi akiwa amefunga fedha za upatu kiunoni chini ya gauni, tumbo tupu la mfungo, saa nne asubuhi. Kijana wa duka la kona alimpokea kabla hajavuka kizingiti. Jina lake Eyob, nywele zimechongwa, tabasamu liko tayari.

“Karibu mama yangu. Unatafuta ya kazi gani? Ofisi? Chuo? Michoro?”

“Ya kuangalia angalia.”

“Kuangalia nini?”

“Dunia,” alisema Askale, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. “Na vijimichezo.”

Eyob aliwageukia vijana wawili waliokuwa wanafungua mashine kwenye meza ya nyuma. “Jamani, njooni! Mama yetu anacheza gemu!”

“Anacheza mpira au anapiga risasi?” mmoja aliuliza.

“Ni ya binti yangu,” Askale alisema. Walikuwa wamekwisha kucheka.

Hata hivyo hakuondoka. Miaka ishirini alikuwa amenunua tefu sokoni, na tefu ilikuwa imemfundisha kwamba weupe wa juu ya gunia ni wa kumwonyesha mgeni. Mwenye busara hutia mkono mpaka chini. Aliwekewa mashine tatu. Ya kwanza mpya, ndani ya boksi, elfu thelathini na nane. “Hii bikira,” Eyob alisema, “lakini tumbo lake dogo, ukifungua vitu vitatu inahema.” Kwa bei hiyo hata isingehema ilikuwa si yake. Ya pili nyeusi, nene kama tofali, mikwaruzo mgongoni, elfu ishirini na tisa. Ya tatu nyembamba, rangi ya fedha, iling’aa kama sahani ya harusi. Elfu ishirini na sita.

Askale aliinua ile nyeusi, akaipima kwa mikono miwili. Akaitegea sikio. Akaweka kiganja chini ya ile ya fedha kuona kama inachemka. Akauliza betri inakaa saa ngapi, akauliza kama herufi za kwetu zinaandikika, akauliza kwa nini nzuri iwe rahisi na mbaya iwe ghali.

“Ile nyeusi ilikuwa ya ofisi, mama, ina nguvu za punda. Hii ya fedha ilikuwa ya mzungu mmoja, kafunga ofisi karudi kwao. Nauza haraka nipate nafasi.”

Msichana mmoja mwenye begi la chuo, aliyekuwa anangoja chaja yake, alimsogelea Askale akasema chini chini, “Mama, sura haisemi kitu. Uliza ya mwaka gani.”

Askale akauliza. “Hii ya fedha ni ya mwaka gani?”

Eyob hakuchelewa hata kidogo. “Elfu mbili na kumi na tano.”

Kumi na tano. Askale alihesabu kichwani. Mwaka juzi. Mwaka juzi Mahlet alikuwa darasa la nane, paa lilikuwa halijavuja. Kumbe mtoto mchanga huyu.

“Sema kweli. Kwa Mikaeli.”

“Kwa Mikaeli, mama. Elfu mbili na kumi na tano. Imeandikwa ndani, hata mwanao ataiona.”

Msichana wa chuo alifungua mdomo; wakati huo huo kijana wa nyuma akamwita, chaja yake imepatikana. Askale alishusha bei kutoka ishirini na sita hadi ishirini na nne, kwa kuzima na kuwasha uso kama anavyofanya kwa wauza kuni, na elfu nne zilizobaki akaona ni mkono wa Mungu. Alishuka ngazi ameikumbatia kifuani, ndani ya shuka, kama mtu atokaye hospitali na mtoto.

*

Jioni ile ilikuwa nzuri. Hata baadaye Askale hakuweza kuikana. Mahlet alibusu mashine, akambusu mama yake magoti, akaita mlangoni, “Mama Saron, njoo uone!” Etagegn akaja, akakaa kitako mbele ya kioo, akauliza kama anaweza kutafutiwa mji alioko Saron. Waliona majengo marefu na barabara tupu nyeupe. Etagegn alinyoosha kidole karibu na kioo bila kukigusa. “Yuko dirisha lipi sasa hapo?”

Kisha mashine ikaanza kuvuma kama kipepeo aliyekwama kwenye taa. Picha ikasimama. Mahlet alingoja. Akazima, akawasha, dakika kumi zikapita. Alifungua mchezo wa shamba. Ng’ombe akainua mguu mmoja, asiuteremshe tena. Kurasa nyingine ziligoma kufunguka, zikaandika kwamba mashine hii haipokelewi. Chaja ilipochomoka, kioo kikawa cheusi kabla Etagegn hajavaa viatu.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu Mahlet alitafuta ndani yake mpaka akapata alichotafuta, akamwita mama yake kwa sauti ya chini mno.

“Alikwambia ya mwaka gani?”

“Kumi na tano. Aliapa.”

“Hajakosea. Imeandikwa hapa. Mwezi wa kumi na moja, elfu mbili na kumi na tano.” Mahlet aliweka kidole chini ya namba. “Mama, hii ni kalenda yao. Kwao sasa ni ishirini na tano. Mashine ina karibu miaka kumi.”

Askale alikaa kwenye kigoda. Hakuhitaji vidole. Mwaka juzi ukarudi nyuma, ukarudi, ukapita msiba wa mume wake, ukaenda kusimama mahali ambapo Mahlet alikuwa na sare ya darasa la kwanza na meno mawili ya mbele yameng’oka.

“Yesu wangu,” alisema. “Na mimi ndiye niliyemcheka Etagegn.”

*

Dukani alifika kabla hawajamaliza kufagia. Eyob alimwona, akaona alichobeba, na tabasamu lake likahamia upande mmoja.

“Mama wa gemu! Umeshinda au umeshindwa?”

“Ulinidanganya.”

“Nilisema mwaka gani?”

“Kumi na tano.”

“Ndani imeandikwa mwaka gani?”

Askale aliigeuza mashine mikononi.

“Sema tu mama, wenzangu wasikie. Imeandikwa mwaka gani?”

“Kumi na tano.”

“Basi nimedanganya wapi? Niliapa kweli tupu. Mashine imetoka kwao, itahesabu vipi miaka ya kwetu? Nayo ilifunga Hudade, mfungo wetu mkuu?” Wale vijana wawili wakaangua kicheko. “Hukuuliza mwaka wa nani, mama. Ungeuliza ningekujibu.”

“Ulijua nimeelewa vipi.”

“Mimi niko ndani ya kichwa chako?” Akagonga kwa kucha kibao cha ukutani: mali ikiuzwa hairudi. Halafu, labda kwa kuwa Askale hakuinua sauti, labda kwa kuwa alikuwa mtu mzima na midomo yake imekauka kwa mfungo, akaongeza taratibu, “Niachie nikupe elfu nane. Nifungue vipuri.”

Tofali jeusi lilikuwa bado pale. Askale aliligusa mgongo.

“Na hii ni ya mwaka gani?”

Eyob alitazama pembeni. “Kumi na tisa.”

Mwaka ambao kwetu haujafika. Swali moja tu, kwa mashine ya pili, na uongo wote ungeanguka wenyewe sakafuni, kwa kuwa hakuna mashine inayotoka mwaka usiozaliwa. Askale aliirudisha ile ya fedha ndani ya shuka. Kwenye ngazi alipita watu wanaopanda na nyuso zenye haja, akataka kuwashika mikono, akaona aibu.

Mahlet alikuwa anamngoja mlangoni. Alitazama shuka, akaona umbo lile lile.

“Amekataa.”

“Anatoa elfu nane.”

“Mama, mimi sikukasirikii. Umejitahidi.” Upole huo ulimuuma Askale kuliko angetukanwa. “Lakini tuliapa.”

“Nipe mpaka Pasaka. Nitaomba upatu wa mbele.”

“Na bamba je? Utaoka kwa nini? Kesho Mama Alganesh anakuja na fomu, saa tisa, mkishafungua mfungo wa siku. Usiniangushe mbele ya watu, mama. Tuliapa kwa Mikaeli.”

*

Alganesh alikuja saa tisa kamili, na harufu ya ubani ikaja naye. Askale alikuwa ametandika majani mabichi sakafuni, amekaanga shayiri, kahawa iko jikoni. Mgeni ni mgeni. Etagegn naye aliitwa, kwa kuwa kahawa hainywewi bila jirani. Alikaa karibu na mlango, mkononi ana simu yake ndogo, anaigeuza geuza.

“Saron hajambo?” Etagegn aliuliza kabla hata ya kikombe cha kwanza.

“Hajambo kabisa, dada. Simu tu. Kule wakibadilishwa nyumba hubadilishwa na simu.”

“Kabadilishwa nyumba?”

“Nyumba nzuri zaidi.” Alganesh alipuliza kahawa. “Na huyu wetu atapata nzuri hiyo hiyo. Msichana mpole, mrefu, anaonekana mtu mzima.”

Mahlet aliinamisha macho, akatabasamu kidogo. Askale alimwona.

Walikunywa kikombe cha kwanza. Cha pili kilipomiminwa, Alganesh alifuta vidole kwa leso, akatoa karatasi mkobani akaiweka juu ya kigoda, na kalamu juu yake. Maandishi yalikuwa ya kizungu, ila namba ni namba.

“Soma mwenyewe, dada. Mimi sipendi mtu aje aseme nilimficha. Hapa jina la mtoto. Hapa la marehemu baba yake. Hapa mwaka wa kuzaliwa. Unausoma?”

“Elfu mbili na moja.”

“Si ndio aliozaliwa?”

“Ndio aliozaliwa.”

“Basi. Kweli tupu. Mbele za Mungu kila kitu kimeandikwa kama kilivyo. Weka sahihi hapa chini.”

Askale alishika kalamu. Kiapo kilikuwa shingoni mwake kama nira. Hakuwa mwanamke wa kuapa kwa malaika halafu akatafuta mlango wa uani. Aliweka ncha kwenye mstari. Alganesh alikuwa anakunywa, Mahlet alikuwa anaitazama kalamu. Kweli tupu, alikuwa amesema. Neno lile lile. Askale alilisikia likitoka kwa mdomo mwingine, ghorofa ya tatu, vijana wanacheka: niliapa kweli tupu, mama, nimedanganya wapi?

Aliinua ncha. Doa dogo la wino lilikuwa limebaki.

“Mwaka wetu au mwaka wao?”

“Unasemaje?”

“Hii elfu mbili na moja. Nauliza ni mwaka wetu au wao.”

Alganesh alicheka. “Dada Askale! Mwaka wa mtoto wako umeuzaa mwenyewe, unaniuliza mimi?”

“Karatasi inakwenda kusomwa kwao au inabaki hapa kwetu?”

“Ni fomu tu. Fomu ya pasi.”

“Inasomwa kwao.” Askale aliweka kalamu chini, taratibu, isiviringike. “Kwao wako ishirini na tano. Toa moja. Mtu wa karatasi hii ana miaka ishirini na nne. Mimi sina mtoto wa miaka ishirini na nne. Nilikuwa sijaolewa.”

“Miaka ishirini na nne?” Mahlet alisogea akapiga magoti penye kigoda. Alitazama namba ile aliyoiandika daftarini tangu darasa la kwanza. “Ulisema utaniandikia wewe, Mama Alganesh, nisije nikakosea.”

“Na nimekosea wapi? Ndio mwaka wako! Kule hawachukui watoto, wanataka watu wazima. Hakuna aliyedanganya. Ni utaratibu. Wote huandikwa hivyo hivyo.”

“Wote?” Mahlet aliuliza.

Kahawa ilichuruzika kwenye majani ya sakafuni. Etagegn alikuwa ameacha kikombe chake kiinamie upande, hajui. Aliitazama simu kana kwamba ndiyo iliyosema.

“Saron wangu aliondoka mwaka jana, na miaka kumi na saba,” alisema.

“Dada, usichanganye—”

“Mwaka wake mimi niliuona kwenye karatasi. Ulinionyesha. Nikasema ndio huo huo, nikaweka dole gumba.” Hakuwa analia. “Juzi nilikwenda kuuliza ofisini kwa wakubwa wanaoandika wasafiri. Wakaniambia, mama, msichana wa miaka kumi na minane anayeitwa hivyo hatuna. Nikarudi nyumbani, nikasema labda wamelitamka vibaya jina.”

Hakuna aliyegusa shayiri. Jikoni birika la udongo lilianza kuimba. Kahawa ya tatu, ile ya baraka, ambayo mgeni haondoki bila kuinywa.

“Sasa nijibu wewe,” Etagegn alisema. “Kesho nikirudi, niulizie msichana wa miaka mingapi?”

Alganesh aliikunja fomu mara mbili. Aliitia mkobani, akaokota kalamu yake, akajifunika shuka jeupe kichwani vizuri, pande zote mbili. Kikombe chake cha pili kilikuwa nusu. Alivuka majani, akampita Etagegn mlangoni, akatoka bila kungoja kahawa ya baraka. Mahlet hakuinuka kumsindikiza.